Pole ya Mbwa

Sijawahi kufiwa na mbwa, na kabla ya mwaka ule sikuwa nimempa mtu yeyote pole ya mbwa. Kwetu mbwa akifa anaburutwa mpaka majanini, anafukiwa kama yupo mwenye nguvu za kuchimba, na watu wanaendelea na shughuli zao. Kwa hiyo asubuhi ile nilipofika kazini nikamkuta mama mwenye nyumba, Mzungu, ameketi sakafuni jikoni, nywele hazijachanwa, analia mpaka mabega yanatikisika, nilijua tu ni mumewe. Nikajishika kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea barazani, na pale barazani alikuwa amelazwa mbwa, amefunikwa taulo nililolipiga pasi kwa mikono yangu.

Alikuwa mbwa mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya mchanga. Walikuja naye kwa ndege kutoka kwao, na alikuwa na daktari wake. Nasema hivyo bila kejeli. Au na kejeli kidogo, maana mtoto wa jirani yangu kule mtaani kwetu Pasiansi alikuwa anakohoa tangu masika na daktari wake hatukumjua. Lakini yule mbwa nilimpenda. Mchana wenye nyumba wakitoka tulibaki mimi na yeye, nikawa namsimulia mambo yangu kwa Kisukuma huku napiga deki, naye akanisikiliza vizuri kuliko binadamu wengi niliowafanyia kazi.

Nyumba ile ilikuwa Ilemela, juu kwenye mawe, ukifungua dirisha la sebuleni unaliona ziwa lote. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua banda la video, ruksa pia kiwanda cha serikali kupunguza watu wakarudi nyumbani na barua mkononi. Mume wangu alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Alikuwa kiwanda cha nguo, upande wa rangi, na vidole vyake vilikuwa na bluu isiyotoka kwa sabuni ya aina yoyote. Alipokosa kazi akasema anakwenda machimboni Geita kujaribu bahati. Alituma salamu kwa mtu, akatuma tena, kisha kimya. Simlaani. Labda shimo lilimfukia, labda alipata mwanamke mwingine. Siku nyingine naomba iwe la kwanza, siku nyingine la pili, inategemea nimeamkaje.

Wakati huohuo viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga, na wageni wa kuvisimamia wanashuka uwanja wa ndege na masanduku yao. Minofu ilipanda ndege ikaenda Ulaya. Sisi tulibakiziwa mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia wa sangara, nyama ikiwa imekwishaondolewa. Mume wa yule mama alisimamia kiwanda kimojawapo. Mama mwenyewe alinipenda kwa sababu nilikuwa msafi na sikuwa na maneno mengi. Ningeyatoa wapi? Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni: leta, maji, safi, kesho. Kiingereza changu mimi kilikuwa salamu ya asubuhi na “yes, madamu”. Na huko kwao, nilikuja kuambiwa baadaye, hawaongei Kiingereza. Alikuwa amejifunza shuleni kama wanavyojifunza watoto wetu, kwa kukariri.

Mshahara wa pale ulikuwa na kazi moja, kumsomesha binti yangu. Alifaulu darasa la saba, lakini nafasi za shule za serikali zilikuwa chache na jina lake halikutoka, basi nikampeleka shule ya binafsi. Alikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nimeapa kwamba huyu atamaliza kidato cha nne hata kama mimi nitakula ugali kwa chumvi. Kuna watu wana ndoto tatu, nne, wanachagua ya kuanza nayo. Mimi nilikuwa na hiyo moja tu, na ilinijaa kifua kizima.

Na mtoto mwenyewe alikuwa anaipenda shule, hasa Kiingereza. Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa Mhaya wa Kagera, mwembamba, anavaa koti hata jua la Oktoba, na Wahaya na Kiingereza mnawajua wenyewe. Hakuwafundisha maneno peke yake. Aliwafundisha kuyachagua. Jioni mimi nachochea mkaa, binti yangu ananirudishia somo zima kana kwamba na mimi nimevaa sare. “Mama, mvua ya Kiingereza haiwi kubwa. Inakuwa nzito.”

“Nzito kama gunia?”

“Nzito tu. Na chai haiwi kali, inakuwa na nguvu. Na usingizi hauwi mzito, unakuwa wa kina, kama ziwa kule katikati.”

“Sasa mvua wameipa uzito, usingizi wakaunyang’anya?”

“Ndivyo walivyopanga.”

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa naona fahari ambayo hata kuielezea naona aibu. Mimi nilimaliza darasa la saba. Kiswahili changu cha kuandika hakinitii aibu popote. Lakini mtoto anayejua kwamba usingizi wa Wazungu una kina, huyo nilimwona amekwishavuka mto, bado mimi tu kumshangilia ng’ambo.

Mwalimu aliwapa pia maneno ya adabu. Jinsi ya kuomba kupita. Jinsi ya kukataa bila kumkera mtu. Jinsi ya kutoa pole. Ubaoni aliandika pole, mbele yake akaandika “sorry”. Binti yangu akanifundisha. Mimi nikasema “soli”. Akasema siyo soli, mama, viringisha ulimi. Nikauviringisha, ikatoka soli. Tukaachana nayo.

Nirudi kwa mbwa. Daktari alikuja asubuhi ileile, akampasua hukohuko barazani, na alichokitoa nilikiona: mwiba wa samaki, mrefu, mweupe, umetoboa utumbo. Mama wa Kizungu aliutazama ule mwiba, kisha akanitazama mimi. Sikujali sana mtazamo ule wakati huo. Nilidhani ananitazama kama mfiwa anavyomtazama kila anayepita mbele yake.

Maana mimi nilijua ule mwiba umetoka wapi, na nilidhani kila mtu anajua. Kule bondeni wanawake walikuwa wanaanika mapanki juu ya vichanja, na wale korongo wakubwa wenye upara, wanaotembea kama wazee wa baraza, walikuwa wanayaiba na kuja kuyalia juu ya mawe ya matajiri. Mara ngapi nimeokota vichwa vya sangara kwenye bustani ya nyumba ile! Nilikuwa naokota na kutupa. Siku ile mbwa aliwahi kuokota kabla yangu, basi.

Walimzika chini ya mti wa maua, wakamwekea jiwe. Mume alivua kofia. Mimi nilisimama nyuma yao, mikono nimeifungamanisha, nikajisikia vibaya kwamba kuna msiba ndani ya nyumba na mimi sijatamka neno. Kwetu huwezi kumpita mfiwa kimya. Hata kama humpendi, hata kama mligombana kisimani jana, unasimama unasema pole, yeye anasema asante, ndipo mnaweza kuendelea kuishi. Dereva wa kiwanda, aliyekuwa akitusaidia kutafsiri, alikuwa safarini na bosi mwingine. Nikajisemea, mbona mkalimani ninaye ndani ya nyumba yangu?

Jioni nikamwambia binti yangu kesho Jumamosi tunakwenda wote. Avae sare. Alishtuka, halafu akafurahi, maana hajawahi kuongea Kiingereza na mtu ambaye siyo mwalimu wake. Akaketi kwenye kigoda kuyaandaa maneno. Nilimwona anavyohangaika. Alisema “sorry” peke yake ni kidogo, hiyo unamwambia mtu aliyejikwaa. “Very sorry” ni ya kawaida mno, kila mtu anaisema. Akafikiri, mkono shavuni, sufuria ikaungua pembeni na mimi sikumgombeza. Mwishowe akaruka. Kama usingizi ni wa kina, na huzuni pia itakuwa ya kina. “Deeply,” akasema. “Mama, una pole ya kina kirefu. Hiyo ndiyo yenyewe.”

Nilimwambia ndiyo hiyo. Nilijua nini mimi?

Tulipofika mama wa Kizungu alikuwa barazani na kikombe. Macho yamevimba. Binti yangu alimwamkia vizuri, akajitambulisha, akasimama wima kama wanavyofundishwa kusimama wakijibu swali. Nikasema kwa Kiswahili, taratibu, kama inavyotakiwa: “Madamu, pole sana kwa msiba. Tumehuzunika wote.” Naye akatafsiri. Sauti yake ilikuwa safi, haikutetemeka. Niliyasikia yale maneno yakipita hewani na sikuelewa hata moja, nikajisikia nimevaa nguo mpya.

Nilikuwa nasubiri asante.

Badala yake yule mama aliweka kikombe chini, akauliza kitu. Kifupi. Binti yangu akanigeukia. “Anauliza kwa nini una pole. Anauliza umefanya nini.”

“Nimefanya nini? Sijafanya kitu, nimekuja kumpa pole.”

Akatafsiri. Yule mama akauliza tena, safari hii ameinuka, na akamtaja samaki, hilo neno nalijua, “fish”. Binti yangu akaniambia anauliza kama ni mimi niliyempa mbwa samaki. Nikasema hapana! Mwambie hapana, ni korongo, wale ndege, wanaleta mapanki kutoka bondeni. Mtoto akakwama. Korongo hakuwamo kwenye masomo ya kidato cha pili. Akasema ndege mkubwa. Nilimwona anapanua mikono kuonyesha mabawa. Akasema ndege mkubwa amempa mbwa samaki. Ukiisikia hivyo, hata kwa Kiswahili, inaonekana mtu anakufanyia mzaha siku ya msiba wako.

Yule mama alipauka. Akasema maneno mengi, na katikati ya maneno yake lile la “sorry” likarudi, likarudi tena, kama nzi. Binti yangu aligeuka kwangu, jasho limemtoka juu ya mdomo. “Mama, anasema kama hukumpa, mbona umesema una pole? Anasema mtu asiye na kosa hana pole.”

Hapo nilipandwa na hasira, nikiri hivyo, hasira ya mtu anayeambiwa kwamba wema wake ni wizi. Nikasema, “Mwambie hii siyo pole ya kosa! Sina kosa mimi. Mwambie ni pole ya kusema tu.”

Na mtoto wangu, aliyechagua maneno yake yote kwa makini mno tangu jana yake, alivuta pumzi akachagua tena. Maneno yenyewe alinipa baadaye, na nimekaa nayo muda mrefu mpaka nayajua kwa Kiingereza chake na kwa Kiswahili chake. “My mother is not sorry. She is only saying it.” Yaani, mama yangu hana masikitiko yoyote. Anasema tu.

Kilichofuata nilikielewa bila mkalimani. Yule mama hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wangu wa plastiki niliouacha jikoni, wenye kandambili zangu na kanga ya kazi, akaniwekea kwenye ngazi. Akasema neno la Kiswahili, mojawapo ya yale manne. Kesho. Kisha akatikisa kichwa, akipeleka kidole huku na huku. Kesho hakuna.

Tulishuka yale mawe. Tulipofika barabarani ndipo binti yangu akauliza, “Mama, nimekosea wapi?” Nikamwambia hujakosea popote. Na sikuwa namfariji, ndivyo nilivyoamini. Mpaka leo naamini hivyo. Alisema alichofundishwa, akasema vizuri, na kadiri alivyosema vizuri ndivyo tulivyozidi kuzama.

Jumatatu nilikwenda shuleni kumwona mwalimu. Nilimsimulia yote tumesimama nje ya ofisi ya walimu. Mwanzoni alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, hasa pale penye “deeply”. Nilipofika mwisho akavua miwani.

“Mama,” akasema, “Kiingereza hakina pole.”

“Wewe mwenyewe uliwaandikia ubaoni.”

“Niliwaandikia iliyo karibu. Pole yenyewe hawana. Wana hiyo moja, ya kusikitika na ya kuomba radhi, humohumo.”

“Mtu akiwa amefiwa na mtu akiwa ameiba kuku, wote neno moja?”

“Neno moja, mama. Inategemea.”

“Inategemea nini?”

Akafikiri. “Inategemea anayesikia,” akasema, na nikaona ameshangaa kwa jibu lake mwenyewe.

Nilimuuliza ni watu gani hao wanaoweza kuvuka bahari na kurusha samaki kwa ndege halafu hawana pole. Alikuwa mtu mzuri, sitaki mtu afikiri vinginevyo. Alisema atakwenda mwenyewe kumweleza yule mama, na kweli alikwenda, tena na koti lake, mimi nikamfuata nikasimama ng’ambo ya barabara. Mlinzi alimfungulia. Nikamwona anaongea getini, mkono mmoja nyuma, kwa Kiingereza kirefu chenye nakshi, kile alichokiweka kwa ajili ya siku kubwa. Na yule mama, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuazima kama cha kwetu, alikuwa anamtazama amekunja uso. Nilijua hata kabla hajamaliza. Alitumia maneno makubwa kuliko aliyokuwa nayo mwenyeji wake. Walikuwa watu wawili wanatafutana kwenye nyumba ya mtu wa tatu, gizani. Mwisho yule mama akasema asante, kwa Kiswahili, na geti likafungwa.

Ile asante niliyokuwa naisubiri Jumamosi akapewa mwalimu.

Baada ya hapo hakuna la kusimulia ambalo hamlijui. Kazi za ndani kwa wageni zinapatikana kwa sifa, na sifa yangu ilikuwa imekwishashuka na yale mawe kabla yangu: huyu ni yule aliyeua mbwa, tena hana hata majuto. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walinijibu vizuri. Muhula ulipoanza binti yangu alisimamishwa mstarini na wenzake wasiolipa ada, wakarudishwa nyumbani. Mwalimu alimwombea akae mpaka mtihani wa kidato cha pili. Haikukubalika. Shule ilikuwa biashara kama duka, na duka halikopeshi kwa huruma. Chumba cha Pasiansi kilinishinda, tukahamia Mkolani, kwenye kodi nafuu, nikaanza kukaanga mapanki barabarani. Ndiyo, mapanki. Ukicheka sikukatazi, mimi mwenyewe nilicheka.

Binti yangu alinisaidia. Aliosha, alipaka chumvi, alifunga kwenye gazeti. Alikuwa mpole mno na wateja, lakini nilianza kuona kitu. Mteja akisema leo kichwa kinaniuma, yeye anafunga samaki tu. Jirani alifiwa na mjomba, tukaenda wote, watu wakawa wanapita mbele ya wafiwa mmoja mmoja na pole zao. Alipofika yeye akashika mikono ya mfiwa, akakaa nayo muda, akaondoka mdomo umefungwa. Wanawake wakaniuliza huyu binti yako ana kiburi cha shule au vipi? Siku moja mafuta yaliniruka mkononi, nikapiga ukelele. Alikimbia, akanimwagia maji, akanipaka asali, akanifunga kitambaa, akafanya yote mtu anayoweza kufanya. Lile neno moja halikutoka. Na mimi nililisubiri, kama mjinga, mkono unawaka moto.

Hapo ndipo nilipoapa upya. Nilijiambia siyo kiburi, ni shule inayomkosesha raha. Akirudi darasani atarudi alivyokuwa. Mwaka mpya ulipokaribia nikawa nimedunduliza, kaka yangu wa Misungwi akauza ndama akaniongezea, na kulikuwa na shule mpya ya binafsi iliyofunguliwa upande ule, rangi bado inanuka. Walipokea waliokatiza masomo, ila lazima mtoto ahojiwe kwa Kiingereza kwanza ili waone aanzie wapi. Nilifurahi niliposikia hivyo. Kama ni Kiingereza, nilijisemea, hapo tumefika.

Mkuu wa shule alikuwa kijana, tai nyekundu, feni mezani. Nilimwamkia ingawa alikuwa mdogo wangu, akaona haya, naye akaniamkia shikamoo. Nilikaa kwenye kiti kando ya mlango. Binti yangu alisimama mbele ya meza. Mkuu akamuuliza swali. Lilikuwa fupi. Hata mimi nilielewa kwamba ni rahisi, kwa jinsi alivyotabasamu akiuliza.

Binti yangu hakujibu.

Akauliza jingine, polepole zaidi, akitenganisha maneno kama anamlisha mtoto uji. Binti yangu aligeuza kichwa, hakumtazama yule kijana, alinitazama mimi, na midomo yake ilikuwa imebanwa mpaka imekuwa myeupe. Nikamwashiria kwa mkono, jibu mwanangu, jibu. Akarudisha uso mbele. Feni ikazunguka. Mkuu akauliza la tatu, na baada ya hapo akafunga kalamu yake.

“Mama,” akaniambia, kwa heshima kabisa, “sitaki kula hela yako bure. Mtoto amesahau kila kitu. Mtafutie fundi wa cherehani amfundishe.”

Tulitoka. Nilikuwa na hasira zile zinazokufanya utembee haraka kuliko miguu inavyotaka. Tulipovuka mtaro nikasimama. “Umesahau?”

“Sijasahau.”

“Alikuuliza nini?”

Akaniambia. Swali la kwanza lilikuwa jina lake. La pili, kwa nini anataka kusoma. La tatu, amesikia nini kuhusu shule ile. Na pale njiani, kati ya mawe na mbuzi wa watu, akanipa majibu yake yote matatu kwa Kiingereza, kamili, sauti ileile safi, mvua nzito na usingizi wa kina vyote vipo ndani yake, hakuna kilichopotea hata punje. Sikuelewa neno na niliyaelewa yote.

“Sasa mbona hukumwambia yeye?” Nilikuwa karibu kumtikisa mabega. “Mbona hukumwambia hivyohivyo?”

“Ulikuwa umekaa pale, mama.”

“Mimi? Mimi nimekuzuia?”

“Nikiongea na wewe upo, wewe ndiye unayeumia.” Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anataja bei ya nyanya.

Nikamwambia basi kesho atarudi peke yake, mimi nitabaki nyumbani, sitasogea hata getini. Akatikisa kichwa. Nikamwambia nitaongea na mkuu, nitamweleza. Akaniuliza nitamweleza nini, na kwa lugha gani. Tukaendelea kutembea. Alikuwa mbele yangu hatua chache, sare ya zamani imembana mgongoni, maana alikuwa amekua, na nilijua sitamnunulia nyingine. Mdomo ulinijaa neno. Nilitaka kumwita asimame, nimwambie pole, mwanangu. Nikaogopa ataniuliza kwa kosa gani.